Betri na Michembe Juani

Nilikuwa nimekwenda stendi ya Nyegezi kumpokea rafiki yangu niliyesoma naye chuo, anakuja Mwanza kwa mara ya kwanza. Basi lilichelewa, nikanunua michembe kwa mama mmoja aliyekuwa ameipanga kwenye beseni, imefungwa vizuri katika mifuko myeupe yenye lebo. Wewe kama umekulia kanda hii huhitaji kuelezwa: viazi vitamu vinamenywa vikiwa vibichi, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa mpaka vikauke kama maganda ya mti. Vinakaa mwaka mzima.

Rafiki yangu aliposhuka alitafuna kipande kimoja, akakunja uso.

"Hiki si ndicho chakula cha njaa?" akaniuliza. "Tulisoma shuleni."

Nikacheka, naye akacheka, tukaenda zetu. Lakini nilipofika nyumbani nikauweka ule mfuko mezani na sikuugusa tena. Swali lake lilikuwa limeangukia mahali pabaya.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimewauliza wachungaji, nimewauliza wahadhiri, nimeuliza mpaka watu wananikwepa. Lakini kuna jambo moja sikuwahi kuliuliza. Nikiwa darasa la pili nilitolewa shule hapa mjini nikapelekwa kwa bibi, Magu. Mimi peke yangu. Dada yangu mkubwa alibaki, mdogo wangu wa kiume alibaki. Mwaka huo baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, na mama alikuwa akikaanga samaki pale Igogo, chini ya nyumba yetu ya kupanga. Na mwaka huohuo ndio ninaousimulia siku zote kama mwaka mzuri kuliko yote maishani mwangu. Sasa nikajiuliza: kama ulikuwa mwaka wa njaa, si ina maana walipunguza mdomo mmoja, na mdomo wenyewe ukawa wangu?

Ngoja nikwambie ulivyokuwa, uone kwa nini niliogopa kuupoteza.

Nyuma ya nyumba ya bibi kulikuwa na jiwe. Si jiwe la kubeba, jiwe la kwetu: kubwa kama uwanja, mgongo wake umelala, jua likilipiga tangu asubuhi mpaka jioni. Baada ya mavuno ya viazi bibi alikaa chini na kisu chake, anakata bila kutazama vidole, na mimi napanda na ungo kuanika. Vingine alivichemsha kwanza kabla ya kukata, hivyo ndivyo matobolwa, vitamu zaidi, na hivyo aliviweka juu kabisa ambako mkono wangu ulichelewa kufika. Kazi yangu ilikuwa kulinda. Nilikaa juu ya jiwe na fimbo ndefu, nafukuza kuku, mbuzi wa jirani na kunguru. Wingu likitokea upande wa ziwa, bibi alipiga kelele moja tu kutoka jikoni na mimi nikaanza kukusanya, nyayo zikiungua. "Jua halikopeshi," alipenda kusema, maana kisichokauka leo kesho kina ukungu.

Pembeni ya michembe, kwenye kona yake maalumu, bibi alianika betri. Zilikuwa betri za redio ya babu. Babu alikuwa amefariki masika ya mwaka ule, na redio yake ilikuwa imebaki juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Betri mpya hazikununuliwa, kwa hiyo zile kuukuu zilishinda juani, jioni zikarudishwa, redio ikasema taarifa ya habari nusu, kisha sauti ikazama kama mtu anayesinzia.

Mimi betri zile zilinisumbua. Jua moja, jiwe moja. Mbona michembe inakauka na betri zinajaa? Nilimuuliza bibi, akasema niliulize jua lenyewe. Nikamuuliza jirani mwenye ng'ombe, naye akamtazama bibi, akamwambia, "Huyu mtoto alinyonyeshwa na kasuku?" Nikamuuliza mwalimu. Mwalimu wetu alikuwa mkali sana wa matamshi, tulikuwa tukichapwa tukisema "ledio" badala ya redio, na darasa likicheka alitugeukia akasema, "Tulieni, acheni kerere." Swali la betri alisema ni la darasa la sita. Nilipofika darasa la sita hawakulifundisha.

Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na michembe iliyochemshwa ikachanganywa na karanga zilizotwangwa, na harufu yake, tamu na ya vumbi kidogo, ndiyo inayonirudisha mpaka leo. Bibi aliniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, kwa kuwa babu alikuwa akiniita mke wake mdogo. Wageni wakija kumpa pole alinionyesha kwa kidevu. "Mpeni na huyu. Tumefiwa na mume mmoja."

Basi Jumamosi nilikwenda Magu, na ule mfuko nikautia mkobani.

Bibi alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha, simu ndogo kifuani inasema habari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko mjini wanapika au wanapiga picha chakula?"

Nikampa mfuko. Aliugeuza, akaunusa kupitia nailoni, akacheka mpaka akashika ubavu. "Wameifunga kama peremende." Akachukua kipande, akakivunja sikioni. "Imekauka. Aliyekata ana haraka, lakini imekauka."

Sikuwa na subira ya mazungumzo ya kuzunguka. "Bibi, mwaka ule nililetwa hapa kwa sababu ya njaa?"

Akaacha kutafuna. "Njaa ilikuwepo. Nani kakwambia haikuwepo? Mahindi yaliungua yote, tukabaki na viazi."

Nikatazama vidole vyangu.

"Sasa wewe," akaendelea, "mtoto mwenye njaa anapelekwa kwenye njaa? Njaa ilikuwa huku. Nyinyi kule Igogo mlikuwa na dagaa, mlikuwa na vichwa vya sangara. Huku tulikuwa na nini?"

Miaka yote hiyo ya kuhoji kila kitu, na hilo sikuwa nimelifikiria.

"Basi kwa nini nililetwa?"

"Nilikuomba." Alisema kama mtu anayetaja chumvi. "Babu yako kafa. Ledio nayo kila siku inakufa. Nyumba ikawa kimya mpaka nasikia panya wakikohoa. Mama yako akasema, nitakuletea mkubwa, anajua kufua. Nikamwambia sitaki wa kufua. Niletee yule anayesema bila betili."

Sikuamini papo hapo. Unanijua sasa. Nilisimama nikaenda uani nikampigia mama.

"Alikuomba kweli," mama akasema, na nikasikia mafuta yakilia kwenye karai lake. "Mimi nilikataa. Akaniomba tena. Nikamwambia ni wa kuazima, mwisho wa mwaka nakuja kumchukua mtoto wangu. Basi kila nikitaka kuja, anapakia gunia la michembe kwenye basi. Nile nisahau."

"Ukasahau?"

"Nilikula. Sikusahau. Nilikuja, si nilikuja?"

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe na maswali yako yote, hilo ulikuwa umeliuliza lini?"

Nikakata simu nikacheka peke yangu. Yale magunia nilikuwa nayakumbuka. Nilikuwa nikiyashika mdomo bibi akiyashona. Kumbe muda wote ule juu ya jiwe, na fimbo mkononi, nilikuwa nalinda mahari yangu mwenyewe.

Nikageuka kulitazama lile jiwe, na halikuwepo. Kulikuwa na shimo lenye majani, na mbuzi wawili wamelala ndani. Wajomba, bibi aliniambia baadaye, walilipasua walipomjengea nyumba ya bati. Nilikuwa nimekaa barazani pake bila kujua kwamba nimelikalia. Lipo kwenye msingi. Juu ya bati kuna kioo cha sola, na waya unaoshuka mpaka kwenye simu ya bibi. Hakuna tena anayeanika betri, na watoto wa jirani hawajawahi kuonja matobolwa. Wanakula biskuti, na sioni kama wamekonda. Zamani ningeandika hapa kwamba tumepoteza kitu. Jumamosi ile sikuweza. Nilikuwa nimekwenda kukagua kama mwaka wangu mzuri ulikuwa uongo, na nikaukuta mzima, wenye njaa yake ndani na furaha yake ndani, na mimi nikiwa nimeombwa.

Nilirudi barazani nikakaa mkekani karibu na miguu yake. Bado nilikuwa na swali.

"Bibi, lile jua. Mbona lilikausha michembe, betri likazijaza?"

Bibi akapapasa simu kifuani, akaizima katikati ya habari, akaiweka chini.

"Haya," akasema. "Sema."