Shavu la Dobi na Fremu za Maboksi

Hebu nikuulize, boksi la friji limekukosea nini? Maana nawaona. Friji inaingia ndani, watu wanashangilia, boksi linaburutwa nje, linapigwa mateke, linakanyagwa, linachanwachanwa, halafu linaachwa getini linyeshewe. Kitu kizima, kikavu, kimenyooka kuliko ukuta wa sebule yako, unakigeuza takataka kwa miguu yako mwenyewe, kisha unakaa kulalamika mtaa mchafu. Mnachosha.

Kuna mwanamke mmoja akikuona unafanya hivyo anashika kichwa. Mtaani wanamwita Mama Boksi. Jina lilianza kama kejeli, sasa hivi analiitikia bila kugeuka. Kila asubuhi anapita nyuma ya duka la vyombo vya umeme kabla wenye mateke hawajaamka, anachagua maboksi yasiyo na kovu, anayabeba kichwani mpaka nyumbani. Huko anayafanya fremu za picha.

Usicheke. Anakata vipande viwili vinavyolingana. Cha mbele anakitoboa dirisha, cha nyuma anakiacha kizima. Katikati anabandika vipande vitatu vyembamba, kushoto, kulia na chini. Juu anaacha mdomo wazi ili picha iingie. Kisha anaivisha kitambaa, masalio ya fundi cherehani wa nyumba ya tatu, na nyuma anaiwekea mguu wa kusimamia mezani. Gundi anaipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Ukiishika fremu yake huwezi kuamini kwamba juzi ilikuwa inasema "shika kwa uangalifu".

Ila alikuwa na tatizo moja lililomkondesha. Kadibodi ikinywa gundi, inalewa. Ukiiacha ikauke yenyewe, inajikunja kama jani. Kwa hiyo lazima uikandamize mpaka maji yaishe. Alijaribu mawe, yakaacha mabonde. Alijaribu ndoo za maji, zikakandamiza katikati, pembe zikainuka. Alijaribu godoro la chumbani kwake, lakini yeye na mumewe ukiwaweka pamoja hawafikishi gunia moja.

Mtu mwenye uzito wa maana kwenye nyumba ile alikuwa mmoja tu, na huyo Mama Boksi alikuwa ameshampangia safari.

Mama mkwe wake alikuwa dobi. Si dobi wa kubahatisha. Miaka thelathini na kitu alisimama na pasi ya mkaa, akanyoosha mashati ya wakubwa na sare za wadogo, na hakuna aliyewahi kumrudishia nguo. Kisha akateleza bafuni, nyonga ikavunjika, akaletwa kwa mwanawe mdogo, fundi bomba, ambaye ndiye mume wa Mama Boksi. Madaktari walimtengeneza, wakamwambia ajitahidi kusimama. Hakujitahidi. Miezi sita akalala ameupa mgongo mlango, uso ukutani, na akigeuka ni kwa ajili ya kulalamika. Chai ya maji. Mlango unalia. Kisu cha kukatia maboksi kinamkwaruza mpaka kwenye meno.

Na Mama Boksi alikuwa amechoka. Hili tuliseme wazi, maana kuna watu wanapenda kujifanya malaika. Kumwinua mtu mzima mara sita kwa siku si mchezo, na mgongo si wa chuma. Mumewe, ugomvi ukianza, alikuwa na dawa moja: anakohoa, anashika spana, anatoka nje.

Jumapili moja, amekaa jikoni, akampigia simu shemeji yake, yule mkubwa, mwenye gari na nyumba ya vyumba vya ziada.

"Shemeji, mimi nimefika mwisho. Mama ni mzito. Njoo umchukue."

"Nipe mpaka Jumamosi ya wiki ijayo," shemeji akasema. "Nimwandalie chumba."

Mama Boksi akashusha pumzi. Jikoni na chumba cha mama mkwe vinatenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Hilo hakulifikiria.

Kesho yake akapeleka fremu kumi za majaribio kwa mpigapicha mwenye studio karibu na shule. Watoto wa darasa la mwisho walikuwa wanamaliza, na jamaa alitaka fremu thelathini. Akaweka moja mezani, akaigusa kwa kidole. Ikabembea.

"Mama, hii fremu au kigae cha paa?"

"Imepinda kidogo tu."

"Kidogo? Mtoto wa watu ataonekana kama anaanguka." Akazirudisha zote kwenye mfuko. "Nakusubiri mpaka ile Jumatatu ya wiki ya mwisho ya shule. Zikija zimelala, nachukua. Zikiinua hata pembe moja, nanunua za plastiki na hatununiani."

Alirudi nyumbani akazimwaga mezani, akaanza kuzisema kama vile zina masikio. Alizikausha siku nzima! Alizigusa moja moja! Zilikauka!

Sauti ikatoka chumbani.

"Umezitoa mbichi."

Mama Boksi akageukia mlango wa chumba. Mama mkwe hakuwa amemsemesha tangu jana yake, hata kuhusu chai.

"Nimezigusa, mama. Zilikuwa kavu."

"Mkono muongo. Mkono umezoea maji na moto, hausikii kitu. Si umeanika nyingine hapo nje? Lete moja."

Akapeleka. Mama mkwe akageuka, polepole, akaipokea na kuiweka shavuni kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Akamrudishia. "Weka na wewe."

Mama Boksi akaweka. Mkononi ilikuwa kavu kabisa. Shavuni ilikuwa baridi.

"Ukisikia baridi, ndani kuna maji," dobi akasema. "Shati ukilikunja lina baridi, kesho lina makunyanzi. Hiyo ni nguo, sembuse boksi. Na hayo mawe yako yanabonyeza kama kisigino. Leta hapa."

"Wapi, mama?"

"Hapa nilipo. Si mmesema mimi ni mzito?"

Mama Boksi akahisi masikio yanawaka. Akaona bora aende kutafuta mbao. Kulikuwa na kabati bovu nyuma ya nyumba, akang'oa milango miwili. Akapanga fremu kati ya mlango na mlango, akaweka juu ya chaga za kitanda, godoro jembamba likafuata juu.

"Kitakuwa kigumu, mama."

"Daktari mwenyewe alisema nikalie kitu kigumu. Niinue."

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na si kwa maneno matamu, nisikudanganye. Ili fremu ziwekwe, mama mkwe alilazimika kusimama. Ili zitolewe, asimame tena. Mara ya kwanza alisimama ameshika ukingo wa kitanda, jasho linamtoka, akarudi kukaa kama gunia. Siku ya tatu alishika dirisha. Siku ya tano alisema, "Niachie," akaachiwa, akasimama na fimbo yake huku anakosoa jinsi mbao zinavyopangwa.

Maana alikosoa! Kitambaa kimevutwa upande mmoja. Pembe haijakunjwa, imefinyangwa. Gundi nzito, hii ni uji wa mgonjwa? Kila fremu ilipita shavuni, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Nyingine zilirudi chini ya godoro. "Bado. Karudie darasa."

Uso haukuangalia tena ukuta. Ungeangaliaje ukuta wakati kazi iko upande wa mlango?

Jirani mmoja, muuza mkaa, mwanamke wa maneno mengi na umbo la kutosha, alikuja kumpa pole ya mgonjwa, yaani alikuja kuchungulia. Akakuta kuna rundo la pili limewekwa kwenye benchi, halina mtu.

"Kaa hapo," mama mkwe akamwambia.

"Mimi sikai sana, dada, napita tu."

"Kaa. Ukija kusengenya watu, wasengenye ukiwa unafanya kazi."

Muuza mkaa akakaa saa mbili na nusu, na kesho yake akarudi na mwenzake.

Ijumaa Mama Boksi alipeleka fremu ishirini. Mpigapicha akaziweka mezani moja moja, akafumba jicho moja, akainama mpaka pua ikagusa meza. Hakuna iliyobembea.

"Nani amekunyooshea hizi?"

"Mama mkwe wangu."

"Kumbe ana mashine?"

"Anayo," Mama Boksi akasema, akacheka njia nzima mpaka alipofika kona ya nyumbani. Hapo kicheko kikamwishia. Kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Unaona alivyojikaanga? Aliomba yeye mwenyewe. Sasa alikuwa na siku moja, na kila alipofungua mdomo ili aseme kuhusu safari, ulisema kuhusu gundi. Angeanzaje? Mama, nilikuita mzigo, sasa nimekuona una faida, baki? Hata mtu asiye na haya angesita.

Saa nne asubuhi gari likasimama nje. Shemeji akaingia, mtu mkubwa, mpole, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Fundi bomba akafuata nyuma yake. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, wima, juu ya fremu kumi za mwisho.

"Shikamoo mama. Haya, twende jua halijawa kali. Chumba kiko tayari."

"Marahaba. Siwezi kuinuka mpaka saa nane."

"Nyonga inauma?"

"Zitapinda."

Shemeji akatazama kitanda, akatazama zile mbao, akamgeukia Mama Boksi aliyekuwa mlangoni na gundi mpaka kwenye viwiko. "Shemeji, si uliniambia umefika mwisho? Si ulisema mama ni..." Akaishia hapo, kwa adabu.

Fundi bomba akakohoa, akaanza kutafuta spana kwa macho.

"Wewe," mama yake akasema, "leo hukohoi. Kaa hapo hapo."

Akakaa.

Mama Boksi akafuta mikono kwenye kanga yake, ingawa gundi ilikuwa imeshakauka na haitoki. "Nilisema," akasema. "Nilisema ni mzito na nimechoka. Na nilikuwa nimechoka kweli, mgongo unaniuma mpaka sasa. Lakini nilikupigia wewe bila kumuuliza mwenyewe." Akameza mate, akamgeukia mama mkwe. "Mama, unataka kwenda?"

Mama mkwe akaisimamisha fimbo kati ya magoti. 

"Miezi sita mnanihamisha kwenye maongezi kama kabati. Weka huku, peleka kule. Ndiyo kwanza leo naulizwa."

"Nauliza sasa. Mimi sitaki uende. Ila si kwa sababu ya fremu peke yake, mama. Hata vijembe vyako nimevizoea."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe mkubwa. "Kwako kuna nini?"

"Kila kitu, mama. Kitanda kizuri, televisheni yako peke yako. Nimepata na dada wa kukusaidia asubuhi mpaka mchana."

"Na kazi?"

"Kazi gani tena? Umefanya kazi maisha yako yote. Pumzika."

"Nimepumzika miezi sita, mwanangu. Nilikaribia kufa kwa kupumzika."

Shemeji akazirudisha funguo za gari mfukoni.

"Nitabaki," mama mkwe akasema. "Ila sikilizeni. Mgongo wa huyu mtoto unauma kweli, nasikia anavyoguna akiniinua, anadhani sisikii. Huyo dada uliyempata, aje hapa asubuhi. Nitakaa na wewe mwezi wa likizo, nikipenda, na nikienda naenda na mbao zangu. Na wewe," akamnyooshea fimbo Mama Boksi, "chai yako bado ya maji. Hilo hatujalimaliza."

"Sawa, mama."

"Haya. Mimi nataka kwenda msalani."

Shemeji akaruka kumshika. Mama mkwe akampiga kwa fimbo mguuni, si sana. "Nani amekuambia uniinue? Kaa hapa nilipokaa, haraka, zisipate hewa."

"Mama, hii suruali..."

"Umenenepa, utafaa. Kaa!"

Akakaa. Mtu mzima, mwenye gari, amekalia maboksi ya friji na mikono juu ya magoti, kama anasubiri kuitwa kwa daktari. Akamwona mama yake akishika fimbo, akivuta pumzi, akipiga hatua. Ya pili. Akafika mlangoni, akaegemea kidogo, akakataa mkono wa Mama Boksi kwa nyusi tu, akaendelea na korido peke yake. Mara ya mwisho alipomwona akitembea, ilikuwa kabla hajateleza bafuni. Shemeji akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Hivi," akamuuliza Mama Boksi kwa sauti ya chini, "nakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka zikatae baridi, shemeji."

Alikaa mpaka saa nane na robo. Jumatatu zote thelathini zilikuwa mezani kwa mpigapicha, na kila moja imelala.

Sasa wewe. Yule mzee wenu mliyekwisha kumpangia kwenye simu, nani atamchukua, lini, chumba gani. Leo ingia chumbani kwake, vuta kiti, muulize anataka nini. Ukimaliza kuuliza, tafadhali, nyamaza, umsikilize mpaka amalize.