Wilhelmina haachi upenyo kwenye uzio

Saa moja asubuhi, Wilhelmina Machibya yumo ndani ya mfereji unaomfika magotini, kijijini Nkoma, wilayani Itilima. Kichwa na uso amevifunga khanga, yamebaki macho. Anasimamisha tawi la mnyaa, anashindilia udongo kwa kisigino, anachukua jingine. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni moto. Jicho lake la kushoto lilishaharibika hivyo. Siku hizi linaona ukungu tu.

Ana miaka hamsini na nane. Kazi yake ni kupanda uzio wa minyaa kwenye kaya za watu. Wa leo ni wa mkulima wa pamba, Anatoli, hatua mia mbili na kumi kuzunguka.

"Mayu, hapa niachie upenyo kidogo wa kwenda lamboni," Anatoli anamwomba, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Upenyo wa nani? Wa fisi?"

"Wa mke wangu na ndoo yake."

"Mkeo ana miguu. Azunguke langoni kama wenzake."

Anatoli anacheka. Wilhelmina hacheki.

Miaka sita iliyopita, uzio wa kwake ulikuwa na upenyo wa namna hiyo. Wiki ile wezi walikuwa wamepita kwa jirani. Mumewe, Machibya, alikuwa na bunduki yenye kibali, akawa anailaza chini ya godoro na risasi ndani. Alisema mwizi hasubiri mtu atie risasi. Alfajiri moja mtoto wao Thomasi, miaka kumi na tisa, akarudi kutoka Dutwa bila taarifa, akapita palepale walipozoea kupita wote. Machibya akasikia matawi yanavunjika. Akafyatua kupitia dirishani.

"Hakuuliza 'nani?' Neno moja tu," anasema Wilhelmina. "Mtoto angejibu."

Bunduki ilikwenda polisi. Machibya alikwenda gerezani, akafia huko mwaka wa pili.

Tangu hapo Wilhelmina hachimbi mfereji kabla hajaikalisha familia chini. Anauliza nani analala nyumba ipi. Lango liwe moja, na anayechelewa aite jina lake akiwa nje. Wezi wakija, watu wajifungie ndani, ipigwe yowe, sungusungu waje. Mwenye bunduki aitoe risasi, aifungie, risasi azifungie kwingine, funguo akae nazo mwenyewe. Wapo wanaomsikia. Wapo wanaomwambia apande minyaa yake aende zake.

Anayemuumiza zaidi ni Mabula, mtoto aliyembakia. Juni mwaka huu aliibiwa ng'ombe watano, naye sasa anaomba kibali cha bunduki. Ijumaa kamati ya ulinzi ya kijiji inakaa, na imetaka kumsikia mama yake.

"Mama anapanda majani, wezi wanaondoka na ng'ombe," anasema Mabula, amesimama kando ya mfereji. "Mimi si baba. Nitauliza kwanza."

"Na baba yako alisema hivyohivyo siku anaileta ile ya kwake."

Mabula anatema mate pembeni, anapanda baiskeli. Ameshamwambia mama yake kwamba akimkatalia mbele ya kamati, atahamia Mwamanyili na mke na watoto wake watatu, na asiwafuate.

Wilhelmina anamtazama mpaka anapotea kwenye pamba.

"Ijumaa naenda, na nitasema hapana," anasema. "Ng'ombe wale niliwalilia, msidhani sina uchungu. Akihama na wajukuu, nitawalilia nao. Ila nitakuwa nawalilia wazima."