Rafiki Yangu wa Makale Atafariki Julai

Nimeletewa habari ya msiba, wasomaji wangu, na sijui niiandike kwa wakati uliopita au ujao. Mwenzangu wa kazi hapa Doha, mwanamke wa Kiindonesia niliyeshinda naye dyuti miaka mingi, atafariki Julai. Msidhani nimeanza kupiga ramli. Alikata roho mwanzoni mwa mwaka huu, moyo ulisimama asubuhi akivaa sare ya kazi, na maiti yake niliiona kwa macho yangu. Lakini kwao, Tana Toraja, wilaya ya milimani katika kisiwa cha Sulawesi, daktari akisema mtu amekufa, hiyo ni habari ya daktari. Wenyewe humwita mgonjwa. Hutiwa dawa asiharibike, akalazwa chumba cha nyuma cha nyumba yake, akaletewa chakula na kahawa, akasalimiwa asubuhi na kuagwa jioni, hata kama ni kwa miezi, mpaka jamaa wote wakusanyike na mazishi yaanze. Siku hiyo humgeuza alale kuelekea upande mwingine, na hapo ndipo anapoitwa marehemu. Juzi mdogo wake, ambaye ni yaya katika nyumba moja huko Al Rayyan, alinipigia simu kunieleza kwamba siku imepangwa. Alilia hata nikamwomba akate simu, anywe maji, kisha anipigie tena.

Urafiki wetu ulianza kwa sababu ya milima. Mimi ni mtu wa Kisii, nimezaliwa mahali ambapo ukiangusha chungwa utalifuata mpaka mtoni, na hapa Doha nimeletwa na uuguzi. Nchi hii ni tambarare mpaka inakera. Yeye alikuwa mtunzaji katika kituo chetu cha wazee, na siku ya kwanza tulipopewa zamu pamoja aliniuliza kwetu kukoje. Nilipomwambia kuna vilima, ukungu na kahawa, aliweka chini beseni alilokuwa amebeba akanishika mikono yote miwili. Tangu hapo akawa ananiita dada, na Kiswahili chake chote alikipata kwetu sisi Wakenya wa pale, kikiwa na matusi mawili matatu ambayo hakujua ni matusi. Siku moja ya mapumziko tulikwenda Lusail kushangaa majengo. Tukapandishwa na lifti mpaka juu kabisa, akachungulia kioo muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo huu ndio mlima wao. Maskini."

Kwao alikueleza hata kama hukuuliza. Mji wao mkuu, Makale, uko bondeni, una bwawa katikati na soko ambalo siku yake ikifika utasikia nguruwe kabla hujaona watu. Juu ya mlima unaoutazama mji wamesimamisha sanamu kubwa mno ya Kristo, maana wengi wao ni Wakristo, ingawa mila za mababu hawajaziacha. Mashamba ya mpunga yamepangwa ngazi kwa ngazi mpaka mawinguni. Nyumba za ukoo zina paa lililobonyea katikati na kuinuka ncha mbili kama pembe za nyati wa kufugwa, na mbele ya kila nyumba kuna ghala la mpunga lenye paa kama hilo. Wafu hawafukiwi. Huwekwa katika matundu yaliyochongwa kwenye majabali, na nje ya matundu husimamishwa sanamu za mbao zenye sura zao, zimevalishwa nguo, zinatazama mashamba. Bahari hakuna. Ili ufike huko unashuka ndege Makassar, halafu unapanda basi siku karibu nzima, na kona zake, alisema, zitakukumbusha dhambi zako.

Watu wake, kwa maneno yake, wako kila mahali isipokuwa kwao. Ardhi ni kidogo, vijana huondoka, na milima hujaa tu wakati wa Krismasi na wakati wa maziko. Watalii nao huja kwa ajili ya maziko hayohayo, kutazama nyati wakichinjwa na jeneza likipandishwa jabalini, na wenyeji huwakaribisha bila kinyongo. Alikuwa msichana alipozikwa bibi yake, akapewa kazi ya kuwapelekea wageni kahawa, na hapo akamkuta mwanamke wa Kizungu, asiyemjua mtu yeyote mahali pale, analia kuliko wafiwa. Alimwuliza ana nini. Yule mama akasema mama yake alizikwa na watu wa kampuni ya mazishi, yeye alikuwa kazini. Rafiki yangu alinisimulia kisa hicho huku anacheka, tena mara nyingi, na mwishoni mwa kicheko alikuwa akitikisa kichwa.

Kazini alikuwa na mambo yake. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kikatari, mzee sana, ambaye alikuwa akimlisha na kumgeuza kila siku. Bibi alipofariki, mimi nikiwa nasubiri watoto wake wafike, rafiki yangu aliingia na shuka safi, akainama sikioni mwa maiti akasema kwa Kiarabu chake cha kubahatisha, "Mama, samahani, nakugeuza kidogo." Akamgeuza polepole vilevile alivyozoea. Halafu akaketi. Msimamizi wetu alipomwambia khalas, basi, mama amekwenda, njoo huku kuna wagonjwa, alijibu kwa adabu kwamba huyu naye bado hajapona. Tulimcheka wiki nzima. Yeye naye alijicheka, lakini kitini hakuinuka mpaka watoto walipofika.

Kisha yakamfika mwenyewe. Sisi Wakenya mtu wetu akifa ughaibuni tunajua la kufanya, na tunalifanya kwa kasi: saa hiyohiyo kuna kundi la WhatsApp, kuna kamati, kuna bango lenye picha ya marehemu, mshumaa unaowaka na maneno ya pumzika kwa amani. Tulimfanyia hayo yote, maana alikuwa mwenzetu. Mmoja wetu akamwongeza mdogo wake, yule yaya, kwenye kundi. Nilikuwa nimeketi naye chini ya ngazi za hospitali bango lilipoingia kwenye simu yake. Aliutazama mshumaa ule, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amemuua dada yangu?" Nilianza kumweleza habari za moyo. Akanikatiza. "Hapana. Moyo unaugua tu. Mmemuua nyinyi, kwa hii picha." Bango tukalifuta upesi, lakini alikwisha kuliona, na hata mjomba wao kule Makale alikuwa ameshatumiwa. Mjomba alituma ujumbe mmoja: tafadhali msimwite hivyo, anakuja nyumbani, tunamwandalia kitanda.

Kilichomtesa yule msichana tangu siku hiyo ni kwamba mgonjwa wao haachwi peke yake hata kidogo. Na dada yake ilibidi asafiri kama mzigo, Doha mpaka Jakarta, Jakarta mpaka Makassar, akiwa peke yake. Aliomba ruhusa amsindikize. Madam wake hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mtoto mchanga na hana mwingine wa kumshika, akamwambia nenda lakini nitatafuta mtu mwingine. Wazazi wao hawapo. Kazi hiyo ikipotea hakuna pa kushika. Basi mimi ndiye niliyekwenda kumtambua kule mochwari, na alinibebesha maneno ya kumwambia. Niliyasema kwa Kiswahili, mbele ya mhudumu aliyekuwa akitazama saa: usiogope, unasafiri, mdogo wako anakuja nyuma yako, mjomba atakupokea. Sijawahi kujiona mjinga na mkweli kwa wakati mmoja namna ile.

Alipofika kwao, wakamlaza. Mjomba akasema hawatafanya lolote mpaka mdogo wake afike, kwa kuwa ndiye ndugu yake pekee wa tumbo moja. Miezi ya kwanza yule msichana alikuwa akiomba likizo kila Ijumaa, na kila Ijumaa alikuwa akinipigia akilia. Halafu akaacha kuomba. Nilidhani amekata tamaa. Nilipomdadisi akanieleza. "Dada, nikipata likizo ndipo atakufa. Nikikaa hapa, anaumwa tu. Kila asubuhi mjomba ananipigia, anaweka simu sikioni mwake, namwambia tumeamka salama." Yaani msichana huyu alikuwa amegundua kwamba utumwa wake ndio uhai wa dada yake. Akawa anabembeleza mtoto wa watu huko Al Rayyan na moyoni anaomba asipewe ruhusa.

Nimelifikiria jambo hili mpaka limenichosha. Hapa tulipo tumezoea kinyume chake. Mtu yu hai, anapumua, anatuma salamu, na kwao wamekwisha kumzoea kama picha ukutani. Simu yake ikilia wanajua ni mahitaji au ni sikukuu. Na sisi tunaishi kitanda juu ya kitanda, mwenzako akiugua unapita ukienda zamu na kumwambia pole mlangoni. Tuna mikono mepesi ya kuwasha mishumaa ya kwenye simu. Kule Makale wanambembeleza asiyesikia. Hapa anayesikia hana wa kumsemesha, na sioni kama kuna anayeshughulika kubadilisha hali hiyo, nami nikiwemo.

Siku chache kabla ya simu ile ya juzi, basi, madam alimwita sebuleni akamwambia kwa furaha kabisa: Julai tunasafiri kukimbia joto, mtoto tunakwenda naye, wewe nenda kwenu ukamwone dada yako. Msichana alijibu asante. Angejibu nini? Mjomba alipoambiwa akapanga siku, akawaita watu wa ukoo, wakaanza kujenga mabanda ya wageni, na sasa hakuna wa kurudisha nyuma. "Nimesema asante, dada," akaniambia kwenye simu. "Nimemuua kwa kusema asante." Nilimwacha alie. Kisha nikamwambia awahi, aingie chumbani kabla hawajamgeuza, ampelekee kahawa yeye mwenyewe, akae naye, na amwambie kwamba mimi nauliza anaendeleaje. Akauliza kama kweli nataka kujua. Nikasema ndiyo, nataka, na jibu lolote atakalolipata anipigie aniambie.

Wewe unayenisoma huenda una mgonjwa wako mahali, au mtu tu aliyeko mbali ambaye hajalala upande ule mwingine. Mpigie leo, umuulize ameamkaje, na usubiri ajibu.