Tuchukulie Mjomba Ameiba

Hadithi hii inanionyesha mjinga, tena ujinga wa kusomea. Ningekuwa nimezaliwa nao, ningesamehewa.

Nilimaliza darasa la saba, nikachukuliwa chuo cha ualimu Shinyanga. Mkufunzi wetu wa jiometri alikuwa mtu wa hasira. Siku moja akachora mistari miwili ubaoni, akauliza kwa nini mistari iliyonyooka haiwezi kukutana mara mbili. Nikajibu, "Kwani imegombana?" Darasa likacheka. Dasta ya mbao ikanipata kwenye nyusi, damu ikachuruzika mpaka kwenye daftari.

Somo likaendelea huku nimejibana na leso. Akasema yako mambo machache tunayoyakubali bila ushahidi, kwa mfano kwamba kati ya nukta mbili unapita mstari mmoja tu ulionyooka. Mengine yote lazima uyathibitishe kutoka humo. Na njia tamu kuliko zote ni kuanza na kinyume cha unachotaka. "Tuchukulie mistari hii inakutana mara mbili." Haya, basi kati ya nukta mbili imepita mistari miwili. Lakini tulishakubaliana ni mmoja! Umegonga ukuta, kwa hiyo ulichokichukulia ni uongo. Kwisha.

Nilisahau maumivu. Yaani unamkubalia adui maneno yake, halafu maneno yake mwenyewe yanamnyonga! Mpaka likizo inafika nilikuwa nathibitisha kila kitu, hata ugali.

Nikadandia lori la pamba hadi Ushirombo, nikamalizia kwa miguu. Kesho yake asubuhi nikasikia filimbi. Maksai wawili wa jirani wameibwa. Miaka ile wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, na sungusungu, walinzi wa kijiji, hawakuwa na mzaha. Walikuwa na pinde, marungu, na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza: nyayo zikiishia kwako, mwizi ni wewe. Siku hiyo nyayo ziliingia kwenye ua wa minyaa wa mjomba wangu, kaka yake mama, mtu aliyenilea.

Nilipofika walikuwa wamemfunga mikono kwa nyuma. Mdomo umepasuka, anatema damu, na ndani ya damu jino.

"Maksai wako wapi?" anauliza mkuu wao, tuliyemwita ntemi.

"Sijui, ntemi."

Rungu la goti. Nilisikia mfupa. Kijana mmoja akapachika mshale kwenye upinde, na mimi nilishaona mtu akitolewa kwenye kikao kama hicho amefunikwa shuka.

Nikajipenyeza. "Shikamoo ntemi! Naomba nithibitishe jambo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mpwa wake. Nasomea ualimu."

"Eee! Nyamazeni nyie, mwalimu aseme."

Wakanyamaza. Hata yule wa mshale akashusha upinde. Jamani, wangenisikiliza lolote! Ningesema "hakuiba." Ningesema "hebu zungukeni ua muone." Mimi nikaweka mikono nyuma kama mkufunzi, nikakohoa.

"Tuchukulie mjomba ameiba."

Sikufika sentensi ya pili. Na nilikuwa nimeipanga vizuri: kama ameiba, basi maksai wamo uani, maana nyayo zinaingia humu, uani hamna maksai, kwa hiyo...

"Mmesikia? Hata wa damu yake amesema!"

Wakamshukia kama watu wanaopura mtama. Nikamwona anajikunja, teke la mbavu, rungu la mgongo, na kila anapofungua mdomo wanampiga mdomoni.

"Bado!" nikapiga kelele. "Hicho ni kinyume! Nimeanza na uongo makusudi!"

"Anasema alikuwa anatudanganya!"

"Kumbe mko wawili!"

Rungu likanipata begani, nikaanguka. Mtu akanikanyaga shingo, mwingine akanichapa kwa kamba ya ng'ombe mpaka shati likagandana na mgongo.

Kilichotuokoa ni mke wa mjomba. Wakati wote wamenigeukia mimi mwanachuo, alichomoka akazunguka ua. Sasa tukasikia anapiga yowe kule nyuma: "Wametokea huku! Njooni muone, wametokea huku!"

Ntemi akaenda kutazama. Minyaa imevunjwa, utomvu bado unadondoka, na kinyesi kibichi kimefuata njia ya Masumbwe. Filimbi ikalia, wakatimka wote. Pole hatukupewa. Mmoja alirudi mbio, nikafunika kichwa. Kumbe alisahau rungu lake.

Mama mmoja jirani akatutafutia mkokoteni wa punda, tukalazwa humo pamoja kuelekea hospitali, mjomba na goti lake, mimi na mfupa wa bega. Kila gurudumu likiruka shimo tunalia kwa zamu. Mwishowe mjomba akanigeuzia shingo.

"Mpwa wangu."

"Naam, mjomba."

"Pale ulikuwa unanitetea?"

"Ndiyo, mjomba. Ila ni lazima uanze na kinyume. Ukweli ulikuwa unakuja mwishoni."

Akatema damu pembeni ya mkokoteni, akajifuta taratibu.

"Siku nyingine anza na ukweli. Hicho kinyume utawaambia nikishafika mbali."