Nilizama kwa Maji ya Mwili Wangu

Kabla ya siku ile nilikuwa mzima kabisa. Mimi na Salim, mtoto wa ami yangu, tulikuwa tunapanga safari ya kuzamia Norwe, kwenye ghuba zilizojikinga na mawimbi, penye miamba na meli zilizozama. Kila kitu nilikihoji: baridi, mitungi ya hewa, bima. Salim aliniambia, "Wewe bibie utahoji hata kama Norwe yenyewe ipo."

Bahari ya kwetu Maskati wakati wa joto hubadilika ghafla. Siku nyingine maji baridi hupanda kutoka kilindini. Tukachagua siku kama hiyo kujaribu suti zetu mpya nene za kuzamia, kwenye ghuba tulivu karibu na kijiji cha Yiti, ambako nako kuna meli iliyozama. Asubuhi mama alinipa chupa kubwa ya maji aliyoyasomea dua. Siamini mambo hayo, na anajua.

"Yanywe yote, mwanangu. Nna wasiwasi."

Nikayanywa yote, ili atulie.

Chini, ubavuni mwa meli ile, nikaanza kukohoa. Suti ilinibana kama mtu amenikalia kifuani. Hewa ya mtungi naisikia ikiingia, lakini hainitoshi. Kifua kikawa kinakoroma. Nikamwashiria Salim tupande. Tulipanda taratibu, na kila pumzi niliona ndiyo ya mwisho.

Botini Salim alinishika mabega. "Hofu tu hiyo. Tulia."

Niliogopa, ndiyo. Lakini hofu haitoi povu. Nikatema kwenye taulo jeupe, nikamwonyesha: povu la pinki. Alinifungua suti, akaniwekea oksijeni, nahodha akakimbiza boti. Nilikaa wima njia nzima. Nikijaribu kulala, nazama palepale, juu ya maji.

Hospitalini daktari alinisikiliza mgongoni. "Mapafu yamejaa maji. Si ya bahari. Yametoka kwenye damu yako mwenyewe." Baridi na suti ya kubana husukuma damu kifuani, alieleza, na huwapata hata vijana wazima. Kisha akauliza, "Ulikunywa maji mengi kabla?"

Mama alikuwa amenishika mguu. Mkono wake ukaganda.

"Wazamiaji hushauriwa kunywa," nikasema. Na ni kweli, hushauriwa.

"Usizidishe."

Walinichoma sindano ya kupunguza maji, nikakojoa mpaka nikachoka. Kifua kikafunguka. Moyo ulipimwa, ukaonekana salama, lakini daktari alisema hali ile inaweza kurudi. Norwe tumeifuta. Hata nikiinama kunawa uso, bado nashtuka.

Namshukuru Mungu, Salim na madaktari. Wewe unayezamia, ukianza kukohoa chini, panda. Wakikwambia ni hofu, tema, uangalie.

Mama hajaitaja chupa ile tena. Juzi nilikuwa natoka kwenda kutembea tu ufukweni Bustan, akanifuata mlangoni na maji aliyoyasomea. Safari hii yalikuwa ndani ya finjani ndogo ya kahawa.

Nikayanywa yote.