Alama Kumi za Matamshi

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Nachingwea, na Kiswahili changu nakiamini. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuchagua mwanafunzi wa kwenda Ruangwa kwenye mashindano ya kusoma, sikuomba msaada wa mtu. Niliwaita watoto mmoja mmoja, nikawasomesha kifungu cha habari kilichoandikwa kwa mtindo wa barua, nikawauliza maswali, na nikawarekodi kwa simu ili nisije nikamwonea yeyote.

Somoe, binti wa kijiji cha Kiegei, alijibu maswali yote. Lakini alisoma "balua" badala ya "barua", basi nikamkata alama kumi za matamshi. Alama hizo hazikuwemo kwenye maelekezo ya mtihani. Nilizitunga mwenyewe palepale. Somoe akawa wa pili.

Kesho yake mama yake alikuja ofisini, walimu wote tukiwepo.

"Mwalimu, mwanangu kakosea wapi? Kifungu hakukielewa?"

"Amekielewa, mama, ila hajui kutamka. Sikiliza mwenyewe." Nikaweka simu mezani, nikaongeza sauti hadi mwisho.

Sauti ya kwanza kusikika ilikuwa yangu: "Haya Somoe, soma hiyo balua talatibu, usiwe na halaka."

Mwalimu mkuu akainama kama anatafuta kitu chini ya meza, mabega yakimtikisika. Mimi nilitamani simu iishiwe chaji. Mama Somoe akanitazama kwa upole kabisa.

"Na huyu mwanamume aliyetangulia, mwalimu," akauliza, "naye mmemkata alama?"