Maji ya Damu ya Batuli

Siku moja, nyumbani kwangu Rumonge, watu walitolewa damu sebuleni, na mmoja tu akaonekana anafaa.

Huyo mmoja ndiye niliyekuwa nimemuumiza.

Kaeni niwape kisa. Uhuru ulikuwa bado mpya, mauaji ya sabini na mbili hayajatufikia. Mimi Zuwena nilikuwa naosha vichupa kwenye labo ndogo ya mjini, pale wanapopima damu za wagonjwa. Bosi wangu alikuwa Musie Roger, yaani Bwana Roger, kijana wa Bujumbura.

Roger alikuwa na desturi yake. Asubuhi, kabla ya mgonjwa yeyote, anapima kwanza maji ya damu ya mtu asiye na ugonjwa, yaleyale ya jana, aliyoyagandisha kwenye frigo ya mafuta ya taa. Yakitoa jibu lilelile, mashine iko sawa. Yakitoa jingine, wagonjwa warudi nyumbani.

Yaliyotoka Ulaya yakaisha. Ikabidi atafute ya hapahapa.

Abdulhamid, fundi cherehani, mchumba wa rafiki yangu Batuli, akajitolea. Roger akazungusha kichupa kwenye mashine ya mkono, damu ikashuka chini. Maji yaliyobaki juu yalikuwa ya njano, njano kabisa.

"Huyu iko na nini?" nikauliza.

"Sijui bado, ila rangi hii inachanganya mashine. Nyamaza kwanza."

Ninyamaze, mimi? Watu walikuwa wanajaa kwangu kila jioni kwa sababu ya huu mdomo.

Jioni hiyo, sahani ya sombe, kisamvu chetu, iko katikati, nikasema, "Abdulhamid ini yake imekwisha. Damu yake inatoa maji ya njano, nimeona kwa macho."

"We Zuwena, maneno hayo si ya kusema," Esha jirani yangu akajibu, huku anasogea asikie vizuri.

Wiki haikwisha, mjomba wa Batuli akarudisha posa. Abdulhamid hakugombana na mtu. Akafunga cherehani yake, akavuka kwenda Kigoma.

Batuli aliendelea kuja kwangu. Anakaa kwenye kona, anacheka wenzake wakicheka. Mimi macho yangu yalikuwa yanamkimbia.

Baada ya mwezi na kitu, bado hajapata damu ya kufaa, Roger akajitoa yake mwenyewe.

Njano.

"Zuwena, nakula kwako tangu nifike huku. Unanilisha nini?"

"Sombe. Ndagala wa ziwani. Mawese, kama watu."

Akavua miwani. "Ini yangu nimeipima kwa njia nyingine, iko salama. Rangi hii ni ya mafuta yenu mekundu, mawese. Na ya yule fundi pia, mawese tu."

Nikaweka chini kichupa nilichokuwa naosha.

Nikamwambia, kama unatafuta damu isiyo na rangi, njoo kwangu, watu ni tele. Lakini mimi nilitaka wale niliowaambia waone kwa macho yao.

Akaja na vichupa vyake. Esha, njano. Mzee Nasoro, muuza samaki, njano. Mimi, njano kuwashinda.

Nikasimama. "Mnaona? Abdulhamid hakuwa mgonjwa. Ni mimi nilimtangaza."

Mzee Nasoro akakohoa. "Basi mutoto wa watu umemufukuza sababu ya mboga."

Hakuna aliyecheka.

Batuli akanyoosha mkono bila kunitazama. Roger akazungusha. Maji yakatoka meupe, karibu kama ya ziwa asubuhi.

"Voilà. Hii ndiyo nilikuwa natafuta," Roger akasema, furaha imemjaa. "Dada, wewe unakula nini?"

"Sili, musie. Tangu posa irudi, chakula haishuki. Uji kidogo, basi."

Sahani ilikuwa inampita kila jioni nyumbani kwangu, na mimi sikuwa nimeona.

Tulituma mtu Kigoma. Akamkuta Abdulhamid ameshaoa.

Nilimlisha Batuli kwa mkono wangu mpaka akarudi kula. Tonge la kwanza alilishika mdomoni muda, akaniambia, "Musie atakosa damu yake."

Hakukosa. Ile aliyogandisha ilimfaa miezi mingi. Asubuhi zote labo ilianza na Batuli, na kile kichupa nilikiosha mimi.

Ukiona rangi ya mwenzako, kabla hujafungua mdomo, kaiweke kwanza kando ya yako.